Barua ya wazi: Wafungulieni wanafunzi wetu lango la uwanja wa ndege, na muwalipe

Kwa: Waziri wa Uchukuzi, Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi.

YAH: AJIRA ZA LIKIZO ZENYE MALIPO KWA WANAFUNZI WA SEKONDARI KATIKA VIWANJA VYA NDEGE VYA MTWARA NA LINDI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Mtwara. Ninapoandika barua hii, mezani kwangu pana daftari ambalo si langu. Ni la msichana ninayemfundisha, aliyelianza akiwa kidato cha pili. Jalada lilichanika zamani, akalishona kwa uzi wa kutengenezea nyavu, kwa sababu baba yake ni mvuvi na uzi huo hauishi nyumbani kwao. Ndani amepiga mistari minne kwa rula: tarehe, saa, upepo, na upande ambao ndege ilitokea wakati wa kutua. Safu ya upepo ameijaza kwa maneno aliyoyapata kwa baba yake: kusi, matlai, umande, kaskazi. Kila jioni akitoka shule, ndege ikipita juu yake, anasimama, anatazama, anaandika.

Amefanya hivyo mwaka mzima na zaidi. Katika kurasa za Juni hadi Septemba, ndege karibu zote zilitua zikitokea upande mmoja. Kufika Desemba, kaskazi iliposhika, zikawa zinatokea upande wa pili. Chini ya ukurasa ule ameandika sentensi moja: «Inaelekeza pua kwenye upepo, kama baba anavyogeuza ngalawa kabla hajashusha tanga.»

Waheshimiwa, hilo halikuwa somo langu. Mimi nilikuwa bado nafundisha vipimo vya urefu na ujazo. Ameligundua peke yake, barabarani, akiwa na begi mgongoni. Na ni kweli tupu: ndege hutua na kuruka ikikabili upepo ili mabawa yapate hewa ya kutosha huku magurudumu yakienda taratibu zaidi. Marubani hulijua hilo siku ya kwanza darasani. Yeye alilijua kabla ya kuwahi kumwona rubani kwa karibu hata mara moja.

Shule zilipofungwa Desemba hakuenda popote karibu na ndege. Alikwenda shambani kwa bibi yake, Tandahimba, kuokota korosho, kwa sababu korosho ndizo zilizomnunulia sare, viatu na daftari lingine. Aliporudi Januari nilimwuliza kama aliendelea kuandika. Akaniambia, «Mwalimu, kule ndege zinapita juu sana, hazitui.»

Ninaloliomba ni jambo moja. Wachukueni wanafunzi wachache wa kidato cha tatu na cha nne wakati wa likizo, wapeni kazi halisi ndani ya viwanja vyetu vya ndege, na walipeni. Nitaeleza kwa nini nasisitiza hilo la mwisho kuliko yote.

Miaka michache iliyopita kampuni moja ya usafirishaji, ambayo sitaitaja, ilikubali kuwapokea wanafunzi wangu watano wajifunze kwa kujitolea. Nilifurahi mno. Niliwachagua waliofanya vizuri zaidi kwenye hisabati na fizikia, nikawaandikia barua, nikazungumza na wazazi wao mmoja mmoja. Jumatatu walifika wote. Kufika Ijumaa walibaki wawili. Walioondoka hawakuwa wavivu. Mmoja alitembea kutoka Mikindani siku mbili mfululizo, siku ya tatu miguu ikakataa. Mwingine mama yake alimwita akasaidie genge. Wa tatu alikuwa anakaa na njaa kuanzia asubuhi mpaka jioni, akiona aibu kumwambia mtu. Waliobaki wawili, baba wa mmoja ana gari na mama wa mwingine ana duka. Mpaka leo nikikumbuka nafsi inaniuma, kwa sababu ni mimi niliyewaambia «nafasi ni ya wote».

Kazi ya bure huchagua watu. Humchagua mtoto wa mwenye nauli. Tukisema tunataka marubani, wahandisi na waongoza ndege watoke Mtwara na Lindi, halafu tukamwambia mtoto wa mvuvi aje ajifunze bila senti tano, tumeshamjibu kabla hajaomba.

Najua mtaniuliza kuhusu sheria, na ni haki mniulize. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikisha miaka 14 inamruhusu kufanya kazi nyepesi, isiyodhuru afya na makuzi yake wala kumharibia masomo, na inakataza kumweka mtu wa chini ya miaka 18 kwenye mazingira ya hatari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku. Sitaki hata moja ya hizo iguswe. Siombi mwanafunzi abebe mizigo chini ya tumbo la ndege, asukume ngazi wala akaribie mafuta. Naomba kazi ya muda wa saa tano kwa siku, mchana, kwa anayeanzia miaka 16, akiwa na mtu mzima wa kumsimamia na fulana inayoakisi mwanga, na mzazi wake awe ametia saini.

Huko Marekani jambo hili wanalifanya. Bandari ya Seattle, taasisi ya umma ambayo ndiyo inayomiliki pia uwanja wa ndege wa Seattle-Tacoma, huwaajiri wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo ya kiangazi, kwa malipo, wakaone kazi za bandarini na uwanjani kutokea ndani. Siutaji mfano huo ili tuige kila cha kwao. Nimeutaja kwa sababu na sisi mji wetu ni wa bandari na uwanja wa ndege, na mtoto wa hapa anakua akisikia honi ya meli na mvumo wa ndege bila kujua nani anafanya nini kule ndani.

Sasa, wafanye kazi gani? Niruhusuni nikae kidogo kwenye kituo cha hali ya hewa, maana ndipo moyo wangu ulipo.

Kituo cha kawaida cha hali ya hewa kina kile kisanduku cheupe, mara nyingi cha mbao, kuta zake zimetengenezwa kama jalusi ili hewa ipite na jua lisiingie. Ndani kuna vipimajoto, na kimoja wapo kimefungwa kitambaa kinacholowana maji wakati wote. Maji ya kitambaa yakigeuka mvuke haraka, kipimajoto hicho hushuka, na tofauti kati yake na mwenzake mkavu ndiyo inayokwambia unyevu ulioko hewani. Nimelieleza hili ubaoni kwa miaka mingi, kwa chaki, kwa watoto ambao hawajawahi kukiona kisanduku chenyewe. Kama mwanafunzi angekifungua kwa mkono wake asubuhi ishirini mfululizo, asome, aandike, akosee, arekebishwe na mtaalamu, mimi nisingekuwa na la kuongeza.

Halafu kuna mawingu. Mtazamaji wa hali ya hewa hutoka nje, huinua uso, huligawa anga lote mafungu 8, kisha husema ni mafungu mangapi yamefunikwa. Kazi hiyo mtoto wa pwani anaiweza kuliko anavyodhani. Na kuna saa. Ikiwa saa 3 asubuhi kwetu, simu inaandika 9, na taarifa ya hali ya hewa ya ndege inaandika 6, kwa kuwa dunia nzima ya anga hutumia saa moja inayopimwa kutoka Greenwich. Nimewahi kuona darasa la watoto 60 likichanganyikiwa kwa hilo kipindi kizima. Siku mbili uwanjani zingetosha.

Ni kituo hichohicho kinachotulinda. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, sote huku tulikuwa tukisubiri taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Kilipiga Msumbiji, jirani zetu wakapata msiba mkubwa. Wazee wa Lindi nao hawajasahau masimulizi ya kimbunga cha Aprili 1952. Kujua upepo kwetu si anasa.

Mbali na hapo kazi ni nyingi. Meza ya maelezo inahitaji kijana mwenye adabu wa kumsaidia bibi anayesafiri kwa mara ya kwanza kwenda Muhimbili, ambaye hajui tiketi yake aionyeshe wapi. Ofisi ya ndege inapopanga uzito, mwanafunzi anaweza kukaa pembeni na kuona namna mizigo ya mbele na nyuma inavyosawazishwa, na kwa nini abiria wakiwa wachache wakati mwingine huombwa wahame viti. Hiyo ni kanuni ileile ya wenzo waliyoisoma shule ya msingi, ila sasa iko kwenye ndege aina ya Q400 yenye viti 76. Zimamoto wa uwanjani wanapofanya mazoezi, waacheni watoto watazame kutoka mahali salama na washike saa, kwa sababu kanuni za kimataifa zinataka gari la zimamoto lifike popote kwenye barabara ya kurukia ndani ya dakika 3. Baada ya ajali ya ndege iliyoangukia ziwani Bukoba 6 Novemba 2022, iliyoua watu 19, wanafunzi wangu waliniuliza wiki nzima kuhusu milango ya ndege, maji na muda. Sikuwa na majibu yote. Wenye majibu wapo mwendo mfupi tu kutoka shuleni kwetu.

Hata barabara yenyewe ya kurukia na kutua ni darasa. Ya Mtwara imerefushwa kutoka mita 2,258 hadi mita 2,800. Mwambieni mwanafunzi aeleze kwa nini urefu huo unahitajika zaidi mchana wa Januari kuliko alfajiri ya Julai, naye atalazimika kufikiri kwamba hewa ya joto imetawanyika, mabawa hayapati pa kujishikia vizuri, na ndege inabidi ikimbie zaidi kabla ya kunyanyuka. Zile namba kubwa zilizochorwa mwanzoni mwa barabara nazo ni nyuzi za dira zilizoondolewa sufuri ya mwisho. Mtoto wa nahodha atazisoma kama anasoma jina lake.

Mtasema uwanja wa ndege ni eneo nyeti. Ni kweli, na mlinzi anayemwondoa mtu kwenye uzio anafanya kazi yake. Lakini wanaofagia sebule ya abiria wanaingia kila siku, wauza chai wanaingia, mafundi wa viyoyozi wanaingia. Wote wamechunguzwa na kupewa vitambulisho. Mwanafunzi anafahamika kwa mwalimu mkuu, kwa mtendaji wa mtaa, kwa wazazi wake. Mchunguzeni kama mnavyowachunguza wengine, mpeni kitambulisho cha mwezi mmoja, mwekeeni mipaka ya asipopaswa kufika.

Kuhusu fedha nimepiga hesabu, nikairudia. Wanafunzi 20, siku 20 za kazi, shilingi 10,000 kwa siku. Ni shilingi 4,000,000. Ongezeni chakula cha mchana, bima na fulana, bado hatujafika mahali pa kutisha. Kila abiria anayeondoka hulipa ada ya huduma ndani ya bei ya tiketi yake. Halmashauri zetu hupata ushuru wa korosho. Mashirika ya ndege yanatafuta watu kila mwaka. Wakikaa meza moja, sidhani kama watashindwa kuzipata milioni hizo. Kwa msichana mwenye daftari, 200,000 ni zaidi ya kazi ya kuokota korosho kwa likizo nzima, na bibi yake atamruhusu kwa moyo mweupe.

Umri wao ndio wenyewe. Kwa kanuni za kimataifa, leseni ya rubani binafsi hupatikana kuanzia miaka 17, ya rubani wa biashara miaka 18, ya mwongoza ndege miaka 21. Mwanafunzi wa miaka 16 yuko miaka mitano tu kutoka kwenye kiti cha mnara wa kuongozea ndege. Lakini anayetaka kwenda huko anachagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, ya kidato cha tano mapema, na wengi wa kwetu wanachagua kwa kusikia. Nikiuliza darasani nani anataka kufanya kazi kwenye ndege, mikono inayonyooka inasema rubani au mhudumu. Hakuna anayesema fundi wa injini, mtabiri wa hali ya hewa, mpanga safari, mwongoza ndege, mkaguzi wa usalama. Hawazikatai kazi hizo; hawajui kama zipo. Wachache wamesikia kwamba Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege, au kwamba Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina chuo chake Dar es Salaam. Kwa wengi, ndege inatoka mawinguni na kurudi mawinguni.

Na wako wengine ambao naomba msiwasahau, wale wanaomaliza kidato cha nne. Mtihani wao unaisha Novemba. Kidato cha tano kinaanza Julai. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka nyumbani. Nimewaona wavulana wazuri kabisa wakipotelea kwenye bodaboda ndani ya miezi hiyo, wasirudi hata majina yao yalipotoka. Nimewaona wasichana wakiolewa. Hao wangeweza kukaa uwanjani miezi mitatu, si mwezi mmoja. Lindi mnao uwanja wa ndege wa Kikwetu. Safari za pale ni chache, lakini kituo cha hali ya hewa hakingojei ndege ndipo kisome joto.

Kuna jambo lingine ambalo nalisema kwa uzito. Mabomba ya gesi yalipokuwa yanalazwa kutoka hapa kwenda Dar es Salaam, nilisikia mara nyingi, vikaoni na vijiweni, kwamba vijana wetu hawana sifa zinazotakiwa. Mwaka 2013 mji huu ulipitia machungu ambayo wengi wetu tunapenda kutoyazungumza. Sitayafukua. Ninachokikumbuka ni baba mmoja aliyeniuliza, mbele ya ofisi ya shule, «Hizo sifa zilikuwa zinagawiwa wapi, sisi tulikuwa wapi?» Nilikuwa na cheo cha ualimu na shahada, sikupata neno. Uwanja wetu umeshajengwa, ndege zinakuja, na Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kwenda Dar es Salaam, tuliona sote jinsi mikoa hii inavyoihitaji anga. Sitaki baba mwingine aniulize swali lile.

Tunapenda kusema Mtwara kuchele, yaani kumekucha. Basi anzeni Desemba hii. Siku ya Kimataifa ya Usafiri wa Anga ni tarehe 7 ya mwezi huo, shule zikiwa zimefungwa au ziko mbioni kufungwa. Siku hiyo badala ya hotuba na fulana, wapokeeni watoto 20 langoni, kumi wavulana na kumi wasichana, kutoka shule za kata na si za mjini pekee. Tangazeni nafasi kwenye mbao za matangazo za shule na za serikali za mitaa, kwa Kiswahili, mapema Oktoba. Msiwachague kwa alama peke yake. Waulizeni wamewahi kutazama nini kwa muda mrefu bila kuambiwa na mtu.

Walimu tutafanya upande wetu. Nitawaandaa kabla hawajaja, nitawafuatilia kila wiki, na nitaandika taarifa ya kila mwanafunzi bila kudai posho. Wako wenzangu wa jiografia na Kiingereza walioniambia wako tayari.

Msichana wa daftari yuko kidato cha nne sasa. Anafanya mtihani wake Novemba hii. Nilimwomba aniachie daftari wiki mbili niwaonyeshe mtakaolitaka, akakubali kwa sharti kwamba nimwandikie upepo kila jioni asikose siku. Nimeandika siku tisa. Jana ilikuwa kusi, na ndege ya jioni ilitokea upande uleule.

Napatikana shuleni kila siku ya kazi hadi saa 9 na nusu alasiri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa fizikia, Mtwara